Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nauli ya Kontena na Ushindani wa Haki kwa Waagizaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoagiza vipuri, vyombo, vigae, vifaa vya umeme na mitumba kwa ajili ya maduka ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye namba ya swali husika. Mifano ya hesabu ni ya kubuni, lakini kanuni zake ndizo zinazotumika forodhani.

## Misingi ya nauli

1. Nauli ya kontena inalipia nini, na hailipii nini?

Inalipia safari ya baharini kutoka bandari ya kupakia, mathalani Ningbo au Shenzhen, hadi Dar es Salaam. Hutajwa kwa dola ya Marekani kwa kontena zima, ama la futi 20, lenye nafasi ya takriban mita za ujazo 33, ama la futi 40, lenye takriban mita 67. Lile la futi 40 lililoongezwa kimo hufikia mita 76 hivi. Anayechangia kontena na wenzake hutozwa kwa mita ya ujazo, ile ambayo sokoni kila mtu anaiita CBM.

Nauli hiyo hailipii kupakua mzigo gatini, hati ya kuruhusu mzigo kutoka, uhifadhi, kodi, wakala wa forodha wala lori la kupandisha mzigo Mbeya. Juu yake huja tozo za ziada za mafuta, za msimu na za msongamano bandarini, na hizi zinaweza kubadilika hata pale nauli yenyewe inapobaki palepale. Kwa hiyo anayeuliza "kontena ni dola ngapi?" bila kuuliza kilichomo ndani ya bei hiyo amejibiwa nusu.

2. Kwa nini nauli hupanda kwa kasi namna hii?

Kwa sababu meli haziongezeki haraka. Meli mpya ya makontena huchukua takriban miaka 2 au zaidi tangu kuagizwa hadi kuingia kazini, ilhali mahitaji ya nafasi yanaweza kuongezeka ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, kielelezo cha bei cha Drewry, kampuni ya utafiti wa usafirishaji wa baharini, kilivuka dola 10,000 kwa kontena la futi 40 mwezi Septemba, wakati kabla ya janga kilikuwa chini ya dola 2,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, lilikadiria mwaka huohuo kwamba hali ile ikiendelea, bei za bidhaa zinazoagizwa duniani zingepanda kwa asilimia 11 kufikia mwaka 2023.

Kampuni za meli nazo hazikai kimya soko linapolegea. Hufuta baadhi ya safari ili nafasi isizidi mahitaji, na bei hushikilia juu. Vipindi viwili vinapaswa kuwekwa kwenye kalenda ya kila mwagizaji: wiki kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, na siku za kuelekea mapumziko ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Viwanda hukimbilia kutoa mzigo kabla ya kufunga, na nafasi melini huwa ya kugombania.

3. Meli ya kutoka China kuja Dar haipiti Bahari ya Shamu. Kwa nini mashambulizi ya kule yalitupandishia bei?

Ni kweli haipiti. Hukatiza Mlango wa Malacca na Bahari ya Hindi. Hata hivyo, tangu mashambulizi ya Wahouthi, waasi wa Yemen, yaanze Novemba 2023, meli nyingi za Asia na Ulaya ziliacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzunguko unaoongeza siku 10 hadi 14 kwa safari. Safari ikiwa ndefu, meli zilezile hubeba mizigo michache kwa mwaka, na makontena matupu huchelewa kurudi China. Kampuni hutoa meli kwenye njia ndogo kama za Afrika Mashariki na kuzipeleka kwenye njia zenye faida kubwa. Sisi tunabaki kugombania kilichosalia.

Anayeagiza kutoka Uturuki au Ulaya aliguswa moja kwa moja, kwani njia yake ya kawaida ndiyo hiyohiyo ya Suez.

4. Nitajuaje kama bei niliyopewa ni ya soko?

Vipo vielelezo vya wazi. Drewry hutoa chake kila Alhamisi na Soko la Usafirishaji la Shanghai hutoa chake kila Ijumaa. Vitumie kujua mwelekeo tu. Kielelezo cha Drewry kinapima njia 8 kubwa kati ya Asia, Ulaya na Marekani, na Dar es Salaam haimo. Kikishuka kwa wiki sita mfululizo huku wakala wako akisema "bei bado iko juu", una haki ya kumuuliza sababu. Lakini huwezi kumtaka akupe bei ya Rotterdam.

Njia iliyo bora zaidi ni kuomba bei kwa maandishi kutoka kwa wakala watatu wasiohusiana, kwa wiki ileile, kwa kontena la aina ileile, kila tozo ikiwa kwenye mstari wake.

## Kutoka gatini hadi dukani

5. Nauli ikiongezeka kwa dola 4,000, je, gharama yangu inaongezeka kwa dola 4,000?

Inaongezeka zaidi ya hapo, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalioni hadi wanapokaa na wakala wa forodha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa ikijumlishwa na bima na nauli hadi bandarini. Nauli yenyewe, basi, inatozwa ushuru.

Tuseme bidhaa ina thamani ya dola 20,000, bima dola 200, na iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Nauli ikiwa dola 2,000, thamani ya forodha ni dola 22,200. Ushuru ni dola 5,550, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru ni dola 4,995. Nauli ikipanda hadi dola 6,000, ushuru unakuwa dola 6,550 na VAT dola 5,895. Ongezeko la dola 4,000 limekuwa dola 5,900, kabla ya tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli. Marekani hufanya tofauti: huko nauli ya kimataifa haiingizwi kwenye thamani ya ushuru, kwa hiyo nauli ikipanda, ushuru haupandi nayo.

Katika hesabu hii kuna jambo la ushindani pia. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT huidai aliyolipa forodhani kwa kuitoa kwenye ile anayokusanya dukani. Asiyesajiliwa, na usajili ni lazima pale mauzo ya mwaka yanapofikia shilingi milioni 200, huimeza yote. Nauli inapopanda, mdogo anaumia mara mbili kwa utaratibu uliokusudiwa kumpunguzia usumbufu.

6. Kwa nini kontena langu linafunguliwa Dar es Salaam badala ya kuja zima hadi Mbeya?

Kwa sababu kontena ni mali ya kampuni ya meli na lazima lirudi. Likipanda zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, litarudi Dar likiwa tupu kwa gharama yako, huku siku za bure zikiisha barabarani (tazama swali la 8), na mara nyingi utatakiwa kuweka amana kabla halijatoka. Ndiyo maana mzigo mwingi wa huku hufunguliwa kwenye yadi Dar: katoni zilizoandikwa "MBEYA" kwa kalamu ya wino mzito hushushwa chini, huhesabiwa mbele ya mwakilishi wako kama unaye, kisha hupangwa upya kwenye Fuso au semi. Hapo ndipo vigae huvunjika na katoni moja moja hupotea, hivyo hesabu ya kufungua Dar lazima ijumuishe hasara hiyo pia.

Kontena zima lina maana pale mzigo ni wa thamani kubwa au wa kuvunjika, na pale unapompata mwenye shehena ya kurudi. Wengi hutaja parachichi za Rungwe na Njombe kama jibu, lakini parachichi husafiri kwenye kontena la ubaridi, na hilo lako la vyombo halimfai mkulima huyo. Chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi zinaweza kupanda kontena kavu, ikiwa kampuni ya meli itakubali lipakiwe huku na ikiwa ni safi na halina harufu. Usisahau uzito: ukomo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kutoka Vigwaza hadi Makambako mizani hailali. Mlima Kitonga nao una hesabu yake kwa dereva aliyejaza kupita kiasi.

7. Je, TAZARA inapunguza gharama?

Kwa mzigo mzito usio na haraka, inafaa kuulizia bei kila mara, kwani reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyoanza kazi mwaka 1976, inapita Makambako, Mbeya na Tunduma. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya Kichina mkataba wa kuikarabati na kuiendesha. Hadi ukarabati huo uonekane kwenye ratiba, mwenye duka anayesubiri mzigo wa Krismasi ataendelea kuchagua lori.

8. Demareji na uhifadhi ni kitu kimoja?

Hapana. Ni tozo mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, kila moja na mdai wake. Demareji hudaiwa na kampuni ya meli kwa kontena kukaa bandarini kupita siku za bure, na kontena likishatoka huanza tozo ya kuchelewa kulirudisha. Uhifadhi hudaiwa na mwendeshaji wa gati au bandari kavu kwa eneo linalokaliwa. Siku za bure hutofautiana kwa kila kampuni na hujadiliwa kabla ya kupakia, wakati bado wewe ni mteja anayetafutwa. Kontena likishafika, huna tena cha kujadili. Mara nyingi Jumapili na sikukuu huhesabiwa.

Marekani, kwa sheria ya mwaka 2022, ankara ya demareji isiyoonyesha tarehe na siku za bure haimlazimu mteja kulipa. Dai maelezo yaleyale hapa nyumbani: kontena lilishuka lini, siku za bure ziliisha lini, kiwango ni kipi kwa siku. Ankara nyingi hupungua zikishapangwa kwa tarehe.

## Mkubwa na mdogo

9. Jirani yangu anauza rejareja chini ya bei niliyonunulia mimi. Je, huo ni ushindani usio wa haki?

Si lazima. Mwagizaji wa makontena mengi kwa mwaka huwa na mkataba wa bei iliyofungwa, wakati wewe unanunua nafasi kwa bei ya wiki hiyo. Hapati punguzo kwa hila. Amehakikishia meli mzigo wa mwaka mzima. Pia anaweza kuwa na mzigo wa zamani ulioingia kabla nauli haijapanda. Hayo yote ni ushindani wa kawaida, hata kama yanauma.

Maswali ya haki huanza pale bei yake haiwezi kuelezwa na wingi wala wakati. Hapo kuna uwezekano kwamba thamani ilishushwa forodhani, kwamba bidhaa ni bandia, au kwamba mzigo ulitangazwa kuwa unapita kwenda nchi jirani ukashushiwa njiani (swali la 15).

10. Niliambiwa CBM moja ni bei ya kutupa, kisha Dar nikapewa ankara ndefu. Ilikuwaje?

Ni mbinu ya kale ya mizigo ya kuchangia. Mkusanyaji wa shehena upande wa China hutoza nauli ndogo mno, wakati mwingine hata bure, ili aupate mzigo. Faida yake huchumwa na mshirika wake huku mwisho wa safari. Ukiitazama ankara kwa karibu utakuta mstari wa kufungua kontena, wa kutenganisha mizigo, wa hati, wa kushughulikia, wa utawala na wa kupakia, na mara nyingine kiwango cha chini cha CBM mbili au tatu kwa mtu aliyeleta katoni sita za vipuri vya bodaboda. Kila mstari ni mdogo. Jumla yake inaweza kuishinda nauli ya bahari, na wakati huo mzigo umeshikiliwa, kwa hiyo unalipa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mwagizaji mdogo wa Mwanjelwa anapoteza fedha nyingi kuliko kwa misukosuko ya Bahari ya Shamu, na hapa ana nguvu ya kujikinga. Usikubali bei ya CBM bila orodha ya tozo za Dar, kwa maandishi, kabla mzigo haujaingia ghalani China. Linganisha jumla ya mwanzo hadi mwisho. Anayekataa kutoa orodha hiyo amekwisha kukujibu.

11. Ninunue kwa FOB au CIF?

Kwa FOB, bei ya muuzaji inaishia mzigo unapopakiwa melini, na msafirishaji unamchagua wewe. Kwa CIF, bei inayojumuisha bima na nauli, anachagua muuzaji, na huenda akachagua yule anayempa nauli nafuu na kukuachia tozo za swali la 10. Mgeni wa biashara huona CIF ni rahisi, na kwa mzigo wa kwanza mdogo inaweza kuvumilika. Kuanzia hapo, FOB pamoja na msafirishaji unayemjua humpa mwagizaji udhibiti zaidi.

## Sheria ya ushindani

12. Kampuni za meli zikipandisha bei wiki moja kwa kiasi kinachokaribiana, si zimekula njama?

Kupanda pamoja si ushahidi wa njama. Wanaouza huduma ileile, wakiwa na gharama zinazofanana na wakiziona bei za wenzao, hufuatana hata bila kuzungumza. Njama ni makubaliano, na makubaliano lazima yathibitishwe. Nauli ya basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya ina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu. Nauli ya meli ya kimataifa haina mamlaka inayoiwekea ukomo, hivyo bei kubwa peke yake si kosa.

Hata hivyo wasiwasi una msingi. Soko limejaa miungano: Maersk na Hapag-Lloyd walianza ushirikiano wao uitwao Gemini Februari 2025, na CMA CGM, COSCO, Evergreen na OOCL wako pamoja katika Ocean Alliance. Miungano hii hugawana nafasi melini, na kila kampuni inatakiwa kupanga bei yake yenyewe. Umoja wa Ulaya uliacha msamaha maalumu wa sheria ya ushindani kwa ushirikiano wa aina hii uishe Aprili 25, 2024, baada ya waagizaji kulalamika kwamba faida za ushirikiano haziwafikii.

13. Nipeleke lalamiko wapi?

Inategemea kosa. Njama za bei, matumizi mabaya ya nguvu ya soko na bidhaa bandia ni za Tume ya Ushindani, FCC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye ofisi ya kanda Mbeya. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Baraza la Ushindani. Tozo za wakala wa meli, wakusanyaji wa shehena na bandari kavu ni za TASAC, taasisi ya serikali inayodhibiti huduma za meli, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Thamani ya forodha, ukwepaji kodi na mwenendo wa wakala wa forodha ni za Mamlaka ya Mapato, TRA. Lalamiko linalopelekwa mlango usio wake huzunguka miezi.

14. Wenye maduka ya vipuri tumechangia kontena. Tunaruhusiwa kukubaliana bei ya kuuza?

Hapana. Kununua na kusafirisha pamoja ili mupate nafuu ya kontena zima ni ushirikiano wa gharama, na kwa kawaida humnufaisha mnunuzi. Lakini mzigo ukishagawanywa ninyi ni washindani, na kifungu cha 9 cha Sheria ya Ushindani kinakataza washindani kupanga bei. Sababu kwamba nauli imewaumiza wote haiwaokoi.

Tahadhari hii inavihusu vyama vya wafanyabiashara pia. Chama kinaweza kuwafundisha wanachama kukokotoa gharama na kupeleka lalamiko kwa niaba yao. Kikitoa "bei elekezi" kwenye kundi la simu, kimevuka mstari. Kifungu hichohicho kinagusa ugomeaji wa pamoja: kila mmoja wenu yuko huru kumhama mkusanyaji wa shehena asiyemridhisha, lakini washindani kukubaliana kumgomea kwa pamoja ni jambo la kumwona mwanasheria kwanza.

15. Tufanyeje na mzigo wa kwenda Zambia, Malawi au Kongo unaoishia kwenye masoko yetu?

Mzigo unaopita haulipiwi ushuru wa ndani, kwa hiyo ukishushwa kabla ya Tunduma au Kasumulu huingia sokoni ukiwa nafuu kwa kiasi chote kile kilichokokotolewa kwenye swali la 5. Kadiri nauli inavyopanda, pengo hilo linapanuka na kishawishi kinaongezeka. Lakiri za kielektroniki zimepunguza mchezo huu, lakini taarifa za watu wa soko bado ndizo zinazofichua mengi. Toa taarifa TRA ukiwa na unachokijua kwa macho yako: aina ya bidhaa, alama kwenye katoni, mahali na tarehe. Kumtaja mtu kwa sababu tu bei yake ni ndogo kunaweza kukugeuka.

16. Lalamiko linahitaji nini?

Bei uliyopewa kwa maandishi, hati ya shehena, ankara zote, risiti, na mawasiliano kwa mpangilio wa tarehe. Ujumbe wa simu unafaa, mradi hujaufuta.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nimeshamlipa msafirishaji, kisha anadai nyongeza kabla ya kupakia. Nilipe?

Soma muda wa uhalali wa bei. Bei nyingi za wiki hufa baada ya siku chache, na huhesabiwa kwa tarehe ya kupakia, si ya kulipa. Kama muda haukuisha, una hoja. Kama hati inasema bei "inaweza kubadilika bila taarifa", hoja yako ni dhaifu, na jambo la busara ni kulinganisha nyongeza hiyo na gharama ya kusubiri meli inayofuata.

18. Meli imepata ajali, mzigo wangu ni mzima, lakini naambiwa nichangie hasara. Inawezekana?

Inawezekana, na ni kanuni ya kale ya bahari: gharama iliyotumika kuokoa safari nzima hugawanywa kwa wote wenye mali melini kulingana na thamani. Mwenye meli ya Ever Given aliitangaza kanuni hiyo Aprili 2021, baada ya meli kukwama Suez kwa siku 6. Baada ya moto wa Maersk Honam wa Machi 2018, wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani kwa waokoaji na asilimia 11.5 kwa hasara ya pamoja kabla ya kukabidhiwa makontena yao.

Aliyekata bima ya mizigo huikabidhi barua ya madai hayo kwa kampuni yake ya bima, nayo hutoa dhamana badala yake. Asiye na bima hutoa fedha taslimu, na mzigo hukaa huku uhifadhi ukihesabiwa. Kwa anayechangia kontena, hakikisha bima inataja jina lako na mzigo wako. Bima ya mkusanyaji wa shehena humlinda mkusanyaji.